Makosa ya Kiingereza yenye kutuletea maneno ku kazi

Ilikuwa karatasi moja tu, mistari miwili, wameibandika ku mulango wa chumba cha kubadilisha nguo. Iliandikwa kwa Kiingereza: «Blasting today. Evacuate the pit until 14:00.» Ndiyo kusema leo kutakuwa baruti, na watu watoke ndani ya shimo. Mpaka hapo kila mutu alielewa. Maneno yalianza kwa ile saa.

Tulisimama pale watu kama kumi. Wengine walisoma hivi: tuendelee na kazi mpaka saa 14:00, kisha tutoke. Wengine walisoma hivi: tutoke sasa, tukae inje mpaka saa 14:00, kisha turudi chini. Na baruti yenyewe ilipangwa kupasuka saa 14:00 kamili. Ao ulikuwa wa kundi la kwanza, ao wa kundi la pili, karatasi ilikupeleka pabaya. Na tuseme ukweli: kwa Kiingereza cha haki, kundi la pili ndilo lilisoma vizuri. Karatasi ilikuwa inawaambia warudi ndani saa ile ile mawe yanaruka.

Tunajua kuna sirena, tunajua kuna walinzi wenye kufunga barabara. Lakini sekirite haijengwi juu ya bahati. Delege mumoja alienda na ile karatasi kwa mukubwa wa kazi. Yule mukubwa hakuzaliwa na Kiingereza, na yeye alijifunza ku masomo sawa sisi. Alisoma, akanyamaza kidogo, akacheka, kisha akaomba bike. Aliandika upya: «Everybody must be out of the pit by 13:30. Nobody enters until the all-clear is given.» Kila mutu awe amekwisha kutoka mbele ya saa 13:30, na hakuna kuingia mpaka alama ya usalama itolewe. Neno moja tu, «by» pahali pa «until», na mambo yakanyooka.

Tangu siku ile, sisi wa sindika tulianza kuandika ndani ya kaye makosa ya Kiingereza yenye kutuletea maneno: ku ripoti, ku radio, ku barua za kujieleza, ku matangazo ya wakubwa. Leo tunafungua ile kaye mbele yenu.

Kiingereza kilitufikia namna gani?

Lugha ya serikali katika inchi yetu ni Kifaransa, na Kiswahili ni mumoja wa lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Wazee wetu wa Gécamines walipokea amri kwa Kifaransa na wakaelezana kwa Kiswahili. Ilitosha. Lakini kisha Kode ya Mine ya mwaka 2002, makampuni ya inchi nyingi yaliingia Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi. Muchina, Mukanada, Muhindi, mutu wa Afrika ya Kusini na ndugu wa Zambia, wakikutana katika biro moja, mara nyingi wanasemezana kwa Kiingereza. Vitabu vya mashini vinakuja kwa Kiingereza. Ukivuka Kasumbalesa, kule Zambia Kiingereza ndiyo lugha ya serikali.

Basi ku kazi kuna Kiingereza cha watu ambao wengi wao si chao. Kwa hiyo makosa hayatoki kwetu peke yetu. Yanatoka juu, yanatoka chini. Mufanyakazi mwenye kujua kuona kosa anajilinda mara mbili: kwa kile anachoandika yeye, na kwa kile anachoandikiwa. Wala si lazima uwe umesoma iniversite. Tena Kiswahili chetu chenyewe kinatusaidia, vile mutaona.

1. «By» na «until»

Shida ni kwamba sisi tunasema «mpaka», Wafaransa wanasema «jusqu'à», na Waingereza wako na maneno mawili. «Until» inasema hali inaendelea bila kubadilika, kisha ku ile saa inabadilika. «The clinic is open until 16:00»: dispanseri iko wazi, inaendelea kuwa wazi, saa 16:00 inafungwa. «By» inasema kitu kiwe kimekwisha, saa isipite. «Give your report by Friday»: toa ripoti, siku ya tano isipite.

Namna ya kuona kosa: weka maneno «isipite» ndani ya sentensi kwa Kiswahili. Kama yanaingia vizuri, Kiingereza kinaomba «by». Kama yanayoingia ni «inaendelea mpaka», ni «until». Mutu akikuandikia «Finish the work until Friday», ujue alitaka kusema «by Friday». Na kama ni mambo ya baruti, usikisie. Uliza.

2. Kitendo kimekwisha, ao bado?

Fundi wa umeme wa posti ya usiku aliandika ndani ya kaye ya kuachiana kazi: «I isolate conveyor 2.» Asubui ekipi ingine ilisoma, ikaona: muzuri, konvoyere ya pili imekatwa umeme. Kijana mumoja alikwisha kuanza kutoa kifuniko ili asafishe magurudumu. Muzee mumoja akamusimamisha: «Mutoto, ngoja kwanza. Pima.» Walipima. Umeme ulikuwa ungali ndani. Yule wa usiku alitaka kusema ataikata. Kabla ya kufanya, waliitwa pahali pengine, akasahau kurudi ku kaye.

Hakukuwa uongo. Kwa Kifaransa mutu anaweza kusema «j'isole» kwa kitu chenye atafanya sasa hivi. Lakini «I isolate» kwa Kiingereza inaonyesha desturi, kazi ya kila siku, sawa kusema «mimi ndiye huzima konvoyere ya pili». Haionyeshi kama leo imezimwa.

Hapa Kiswahili chetu kina nguvu. Chukua verbu, uipitishe ku vipande vyetu:

Nitazima: «I will isolate.»
Ninazima sasa hivi: «I am isolating.»
Nilizima jana: «I isolated it yesterday.»
Nimezima, ao vile tunasema ku Katanga, nilisha zima: «I have isolated.»

Mbele ya kuandika, sema kwanza kwa Kiswahili. Sikia kama ni -ta-, -na-, -li- ao -me-. Kisha tafuta ndugu yake wa Kiingereza. Kama kile ulichoandika hakina alama yoyote, hakina «will», hakina «have», hakina «-ed», simama: pengine kosa ni pale.

Kosa lingine la namna hii linatoka ku Kifaransa: «I have checked the brakes yesterday.» Kifaransa kinakubali «j'ai vérifié hier». Kiingereza kinakataa kuunganisha «have» na siku yenye ilipita. Ukitaja jana, juma iliyopita ao saa 8:00 ya asubui yenye ilisha pita, ondoa «have»: «I checked the brakes yesterday.»

Kwa kaye ya kuachiana kazi, sindika inapendekeza jambo moja zaidi. Usiishie ku kitendo, andika hali ya mashini: «Conveyor 2 is isolated. My lock is on it.» Pale hakuna mwenye atakosa. Na hata ukisoma hivyo, pima.

3. «Ndiyo» yetu na «yes» yao

Hili ni la ku radio, na ndilo linatutia woga zaidi. Mukubwa anauliza: «You didn't close the valve?» Haukufunga vane? Wewe haukufunga. Kwa Kiswahili unajibu: «Ndiyo, sikufunga.» Unakubali kwamba anasema kweli. Basi ku radio unajibu «Yes», unaachia kifungo. Yeye anasikia: ndiyo, nilifunga.

Kwa Kiingereza, «yes» inafuata kitendo, haifuati maneno ya mwenye kuuliza. Kama kitendo kilifanyika, «yes». Kama hakikufanyika, «no», hata kama swali liliulizwa namna gani. Kifaransa kinaenda vile vile: sikufunga ni «non», nilifunga ni «si». Lakini tukichoka, usiku, ni Kiswahili ndicho kinajibu ndani yetu.

Jambo la kuchekesha kidogo: Kichina kinajibu sawa Kiswahili. Muchina na Mukongomani wakiulizana hivyo, pengine wanasikilizana vizuri na «yes» yao yenye kukosa. Anayekosa kuelewa ni yule mwenye Kiingereza cha haki. Akiingia mutu wa tatu ku ile radio, ndipo hatari inaanza.

Dawa ni moja: usijibu «yes» wala «no» peke yake. Sema hali ya kitu. «The valve is open.» «The valve is closed.» Na wakubwa wenye kusoma hii, tunawaomba: musiulize kwa kukana. Ulizeni «Is the valve open or closed?»

4. «Must not» si «si lazima»

Mufanyakazi mumoja aliulizwa kwa nini alipanda bila mushipi wa usalama. Aliandika: «On that platform we must not wear the harness.» Alitaka kusema pale si lazima kuvaa, ju kuna vizuizi pande zote. Lakini «must not» maana yake ni kukatazwa. Alichoandika kilisema: pale tumekatazwa kuvaa mushipi. Wakubwa waliuliza: nani aliwakataza? Shefu wa ekipi, ambaye hakukataza kitu, akaitwa naye ajieleze. Watu wawili ndani ya shida ju ya maneno mawili.

Shika hivi:

Ni lazima: «You must wear it», ao «You have to wear it.»
Si lazima: «You don't have to wear it.»
Ni kukatazwa: «You must not wear it.»

Kosa linaingia ju «must» na «have to» wanafanana wakikubali, lakini wakikana wanaachana njia. Ukiona «must not» ndani ya barua ao tangazo, jiulize kwa Kiswahili: hapa ni «ni mwiko», ao ni «si lazima»? Kama jibu ni «si lazima», sentensi imekosa.

5. Nani aligonga, nani aligongwa?

«I hit by the truck.» Ni sentensi ya mufanyakazi aliyelala ku kitanda cha hospitali akiandika maelezo yake. Kamyo ilimugonga. Lakini neno dogo «was» halikuwepo. Mwenye kusoma haraka anaona «I hit... the truck»: niligonga kamyo. Angalia vile mambo yanageuka: aliyeumizwa anaanza kuonekana kama ndiye aliyekosea, na ku maelezo ya ajali ya kazi hiyo inaweza kuharibu haki ya mutu na jamaa yake.

Kwa Kiswahili ni kipande -w- ndicho kinaonyesha: niligonga, niligongwa. Kwa Kiingereza -w- yetu inakuwa «was» ao «were» mbele ya verbu: «I was hit by the truck.» «The cable was cut.» «The cables were stolen.» Kama Kiswahili chako kina -w- na Kiingereza chako hakina «is», «was», «were» wala «been», kosa limepatikana.

Kama unaogopa, geuza sentensi, anza na yule aliyefanya: «The truck hit me.» Ni fupi, ni safi, na hakuna wa kuipindua. Ni vile vile tunasema nyumbani: kamyo ilinigonga.

6. Miaka yako ya kazi: «for» na «since»

Mama moja, fundi wa laboratware, aliandika kuomba mushahara wake ufuate miaka yake: «I worked here for seven years.» Iko sawa kama gramere, lakini inasema alifanya kazi pale miaka saba, kisha akaacha. Na yeye yuko pale mpaka leo. Wengine wanaandika: «I work here since seven years», wakifuata Kifaransa «depuis sept ans». Waingereza hawasemi vile.

Kama ungali ku kazi, unahitaji «have»: «I have worked here for seven years.» Kisha chagua kati ya wawili. «For» inahesabu urefu: miaka saba, miezi mitatu, siku kumi. «Since» inataja mwanzo: tangu 2018, tangu Januari, tangu siku ya kwanza. Jaribu kwa Kiswahili: kama neno «tangu» linaingia mbele ya tarehe, ni «since», kama ni «kwa muda wa», ni «for». «I have worked here since 2018.» «I have worked here for seven years.»

Na wewe mwenye kusoma kontra: ukiona wameandika «has worked» ama «worked» kando ya jina lako, usipite haraka. Ya kwanza inasema ungaliko. Ya pili inaweza kusema uliisha toka.

7. Maneno yenye kuvaa nguo moja

Kifaransa na Kiingereza wako na maneno mingi yenye kufanana sura lakini moyo si mumoja. Hapa kosa si la gramere tu, lakini tunaliweka ju limekwisha kutupelekea mutu mbele ya kamati ya nidhamu.

Mulinzi mumoja aliona watu wakikata kebo usiku. Alifanya vizuri, alitoa habari, aliandika: «I assisted to the theft.» Kwa Kifaransa, «j'ai assisté au vol»: nilikuwepo, niliona. Kwa Kiingereza, «assist» ni kusaidia. Shahidi akasomwa kama mwizi. Walimusimamisha kazi siku kadhaa mpaka delege akaketi na wakubwa, akawaeleza lile neno. Alipaswa kuandika: «I saw the theft», ao «I witnessed the theft.»

Neno la pili ni «eventually». Tangazo moja lilisema: «The bonus will eventually be paid.» Wengi wetu tulisoma Kifaransa ndani yake, «éventuellement»: labda. Hasira ikapanda ku kituo chote. Lakini «eventually» maana yake ni «mwishowe». Walikuwa wanaahidi kulipa. Tulieleza watu, hasira ikashuka. Kisha sindika ikarudi ku biro na swali lake, ju hata «mwishowe» haina tarehe: siku gani? Kuelewa Kiingereza vizuri hakumaanishi kukubali kila kitu. Kunamaanisha kupigania kitu chenye kweli kiko.

Neno la tatu ni «control». «I controlled the brakes» si «nilitazama frein kama ziko sawa». «Control» ni kuongoza. Kutazama ni «check» ao «inspect».

Na la ine, «actually»: si «kwa sasa» sawa «actuellement», ni «kwa kweli». «Kwa sasa» ni «now» ao «currently».

8. Makosa madogo, lakini yanahesabiwa

Kuna makosa yasiyoua mutu, lakini ku mutihani wa kupanda cheo yanakupunguzia pwe. Tunayataja kwa haraka.

«The alarm don't work.» Kitu kimoja ao mutu mumoja asiyekuwa mimi wala wewe, Kiingereza kinataka alama «s»: «The alarm doesn't work.» Tena ile «s» haikai mara mbili: ikishaingia ku «does», inatoka ku verbu. «It doesn't works» ni kosa.

«I didn't see nobody.» Kwa Kiingereza cha kuandika, kukana ni mara moja tu: «I didn't see anybody», ao «I saw nobody.»

«Informations», «equipments», «advices»: maneno haya hayachukui «s» ya wingi. «I am agree» ni «I agree». «I have 42 years» ni «I am 42 years old».

Na «he» na «she». Kiswahili kina «yeye» kwa wote, kwa hiyo ulimi unateleza. Siku hizi wamama wanaendesha kamyo kubwa na wanasimamia ekipi. Ukiandika «He told me to enter» na aliyekuambia ni mama, wenye kufanya uchunguzi watamutafuta mwanaume ambaye hakuwepo.

Tujipime

Haya, chukueni bike. Watoto wa segonderi wakae pamoja na baba na mama. Tafuteni kosa ndani ya kila sentensi. Zote zina kosa, isipokuwa moja.

a) «The pump repaired last night.»
b) «I am in this section since 2020.»
c) «Return the keys until 18:00.»
d) «He have changed the filter.»
e) «You don't have to pay for your safety boots.»
f) «I have seen the fire on Monday.»

Majibu. Kwa (a), pompi haikujitengeneza: «The pump was repaired last night.» Kwa (b), ungaliko pale: «I have been in this section since 2020.» Kwa (c), saa isipite: «by 18:00». Kwa (d), mutu mumoja: «He has changed the filter.» Ile (e) ndiyo haina kosa, na muisome vizuri: inasema si lazima ulipe viatu vyako vya sekirite. Kwa (f), siku imetajwa: «I saw the fire on Monday.»

Mwenye kupata zote sita, aje atusaidie kufundisha.

Kabla ya kutia saini

Tunamaliza na kile tunachosema kila siku ku mulango wa sindika. Kukosa Kiingereza si haya. Karatasi ya ku mulango iliandikwa na mukubwa mwenye diploma, na ilikuwa karibu ipeleke watu ndani ya baruti. Haya ni kutia saini kitu usichoelewa kwa sababu uliogopa kuonekana mujinga mbele ya watu.

Wakikuletea karatasi ya Kiingereza, sema kwa upole: «Mukubwa, ninaomba ile ya Kifaransa, nisome kwanza.» Kama ni maelezo ya ajali, andika kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili, yule mwenye kujua atafsiri mbele ya delege. Kama umelazimika kuandika Kiingereza, andika sentensi fupi: nani, alifanya nini, wakati gani. Sentensi ndefu ndiyo shimo la makosa. Kisha soma tena ukitafuta vitu vitatu: verbu iko wakati gani, nani alifanya, na kuna kukana pahali gani.

Na ninyi jamaa nyumbani, muko na kazi yenu. Mutoto mwenye kusoma Kiingereza ku masomo, mumuombe asome pamoja na baba yake karatasi za kazi jioni. Mama mwenye kuvuka Kasumbalesa ju ya biashara, mara nyingi anasikia Kiingereza kuliko bwana yake, asinyamaze. Tumeona bibi mumoja akishika kontra ya bwana yake mezani, akiweka kidole ku neno moja, akiuliza: «Papa, hapa wameandika "until". Ni mpaka lini?»

Yule baba hakutia saini ile siku. Asubui alikuja kwetu na ile karatasi, na tuliisoma pamoja.